Masomo Mnayoyaweza

Mwaka 2024 nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja hapa Songea. Tulikaa chini ya turubai, sisi wastaafu tukiwa tumepewa mstari wa mbele na chupa ya maji kila mmoja, mgeni rasmi akasimama kutoa nasaha. Alianza vizuri. Aliwashukuru wazazi, akaahidi mifuko ya saruji, akawaonya vijana juu ya starehe za mjini. Kisha akawageukia wasichana, akalegeza sauti kama baba mzazi, akasema: "Na ninyi binti zangu msijitese bure. Someni masomo mnayoyaweza."

Watu wakapiga makofi. Mikono yangu nayo ikaanza kupiga kwa mazoea, kabla kichwa hakijaielewa kauli yenyewe. Nilipoielewa nikairudisha magotini.

Makala hii ni jibu langu kwa mgeni rasmi yule. Sikulitoa palepale kwa sababu si adabu kumjibu mgeni mbele ya pilau ya wenyeji, na kwa sababu nyingine ambayo nitaieleza nikifika mahali pake. Hiyo ya pili si ya kujivunia.

Sote tulijua "masomo mnayoyaweza" ni yapi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Maana yake ni kwamba fizikia na hisabati waachiwe wavulana, na wasichana waende kwenye historia, Kiswahili na uraia, kana kwamba hayo nayo ni masomo ya kuokota njiani. (Mwalimu wa historia anayeijua kazi yake angepaswa kukasirika kuliko mimi.) Mimi nilisomea ualimu chuoni katika miaka ya sabini, nikafundisha fizikia na hisabati, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu mwaka 2010. Sina shahada ya chuo kikuu, wala sidai kuwa mwanasayansi. Lakini nimesimama mbele ya ubao miaka ya kutosha kujua kwamba hakuna somo linalozaliwa na jinsia yake. Jinsia tunaiandika sisi, kwa chaki yetu wenyewe.

Miezi michache baada ya mahafali yale, Februari 2025, mjukuu wangu alinisomea kwenye simu yake habari ya kifo. Huko Ufaransa amefariki bibi mmoja mwenye umri wa miaka 101, jina lake Yvonne Choquet-Bruhat. Nilimwomba asome tena, polepole. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuliona jina hilo mara moja katika kitabu cha kuazima, wala sikujua kuwa ni la mwanamke.

Alizaliwa Lille mwaka 1923. Baba yake, Georges Bruhat, alikuwa mwanafizikia na mwandishi wa vitabu vya kufundishia fizikia. Mama yake alikuwa mwalimu wa falsafa. Kwa hiyo nyumbani kwao vitabu havikuwa mapambo ya kabati. Mwaka 1944, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani wa Hitler, baba huyo alikamatwa na Gestapo, na akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Binti alikuwa na miaka ishirini hivi. Hakuacha masomo. Mwaka 1946 akafaulu ule mtihani mkubwa wa kuchuja walimu wa Ufaransa, na mwaka 1951 akapata udaktari wake. Msomaji aniwie radhi nikikawia hapa, maana kazi aliyoifanya ndiyo hoja yangu ya kwanza.

Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa milinganyo yake ya mvutano. Kwa lugha nyepesi inasema kwamba kitu kizito kama Jua hupinda nafasi na wakati vinavyolizunguka, na mpindo huo ndio sisi tunaouita mvutano. Milinganyo ikasifiwa, ikapimwa wakati wa kupatwa kwa Jua mwaka 1919, ikaingia vitabuni. Lakini swali moja la msingi lilikuwa bado halijajibiwa sawasawa. Ukiijua hali ya ulimwengu ilivyo sasa hivi, je, milinganyo hiyo inakupa kesho yake, tena kesho moja tu? Au inaweza kukupa kesho mbili zinazopingana, au isikupe kitu? Nadharia isiyoweza kulijibu swali hilo haina tofauti na mganga anayekutabiria mvua na ukame kwa siku moja, halafu akadai kuku wake.

Yvonne Choquet-Bruhat alilijibu. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1952 alithibitisha kwa hisabati kwamba ukianza na hali iliyopangwa inavyotakiwa, kesho ipo, na ni moja, walau kwa kipindi fulani mbele. Alikuwa na umri wa miaka 28, tayari ni mama. Wakati huo alikuwa Princeton, Marekani, kwenye taasisi aliyokuwapo Einstein mwenyewe, na mzee yule alimsikiliza akiieleza kazi yake ubaoni. Mwaka 1969, pamoja na Robert Geroch wa Marekani, akaonyesha kwamba kesho hizo fupifupi zinaungana kuwa moja iliyo kubwa kuliko zote. Alifundisha Paris tangu 1960 hadi 1992, akazaa, akalea, akaandika vitabu vizito. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya Marekani iitwayo LIGO ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano, yaliyotoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana mbali sana angani. Zile hesabu za kompyuta zinazowawezesha wataalamu kuyatambua mawimbi ya namna hiyo zimesimama juu ya msingi aliouchimba bibi huyu. Wimbi hilo lilipopita katika dunia yetu yeye alikuwa hai, ana miaka 91.

Sasa angalia vifaa alivyotumia: karatasi, kalamu, chaki. Hakuwa na darubini wala mtambo wa mabilioni. Fizikia ya nadharia ni somo la bei nafuu kuliko mpira wa miguu, maana mpira wenyewe sharti ununuliwe. Nalisema hili kwa sababu kila nikizungumza na walimu vijana kuhusu wasichana na fizikia, jibu la kwanza huwa: "Mzee, hatuna maabara." Serikali ya awamu ya nne iliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na mwaka 2014 wananchi wa mkoa huu walichangishwa mchanga na matofali. Shule nyingine zilipata maabara za kweli, nyingine zikapata vyumba vyenye jina la maabara mlangoni. Tulilalamikie hilo, ni haki. Lakini chumba kisicho na vifaa hakina vifaa kwa wote. Mbona kinawafukuza wasichana peke yao?

Mwaka 1979 Yvonne Choquet-Bruhat alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Alikuwa mwanamke wa kwanza. Habari zote za kifo chake zililitaja jambo hilo kwa fahari, na hapa ndipo mimi ninapoachana na waandishi wa habari. Akademia hiyo iliundwa mwaka 1666. Toa wewe mwenyewe: 1979 kutoa 1666 ni miaka 313. Katika miaka hiyo alipita Marie Curie, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka 1903. Akaomba kuingia, wakamkataa kwa kura mwaka 1911, na kabla mwaka huo haujaisha akatangazwa mshindi wa Nobel ya pili. Hivyo tukisema "mwanamke wa kwanza" tunamsifu nani? Ukiona mlango umefunguliwa baada ya miaka 313, humpongezi aliyeingia tu. Unamtafuta aliyekuwa ameshika ufunguo, unamuuliza maswali.

Sisi hapa tunalipenda sana neno "wa kwanza". Tunaliandika kwenye vitambaa, tunalipigia ngoma. Likishatamkwa, kila mtu anarudi kwake akiwa ameridhika kuwa jambo limekwisha. Naliogopa neno hili, kwa sababu linatuwezesha kumtaja mmoja ili tusiulizwe habari za elfu.

Wa kwanza wetu tunaye. Ni Profesa Verdiana Grace Masanja, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1954. Alimalizia sekondari Jangwani, Dar es Salaam, akasoma hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda hadi Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na kurudi na shahada ya uzamivu. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kitanzania kupata shahada hiyo katika hisabati. Amefundisha Dar es Salaam, amefundisha na kusimamia utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, amefundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Ameandika pia juu ya elimu ya wasichana katika hisabati na sayansi, wala hakuridhika kukaa peke yake juu ya kilele alichokifikia.

Hebu tutazame alichosomea, maana watu wakisikia "udaktari wa hisabati" hufikiri ni mambo ya mawinguni. Profesa Masanja alichunguza mwenendo wa vimiminika ndani ya bomba la mviringo. Tena si maji. Maji yanafuata kanuni nyepesi iliyoandikwa na Newton: ukiyasukuma mara mbili, yanakwenda kwa kadiri hiyo. Yeye alishughulika na ile jamii ya vimiminika vikaidi visivyoifuata kanuni hiyo. Jamii hiyo ni pana, imo damu, imo rangi ya ukuta, limo tope la kuchimbia visima, na umo uji. Ndiyo, uji. Mtu aliyewahi kukoroga sufuria kubwa ya uji msibani anajua kwamba mwiko hauzungumzi lugha ileile mwanzo na mwisho. Ukiongeza mwendo unalegea, ukiuacha unakaza. Bomba la kiwanda linalopitisha kitu cha namna hiyo likikosewa hesabu, linaziba au linapasuka. Mshipa wa damu ni bomba vilevile.

Basi niambie, mgeni rasmi: msichana wa Songea aliyekoroga uji tangu akiwa na miaka saba, akasonga ugali mpaka akajua kwa kiganja ni wakati gani unga unakataa, huyo ndiye asiyeweza kuelewa somo la vimiminika? Kaka yake aliyekuwa anausubiri uji huo uwanjani ndiye anayeliweza?

Nimewauliza walimu watatu wa sekondari za mji huu kama wanamjua Profesa Masanja. Hakuna aliyemjua. Mmoja alimjua Newton, na siku aliyozaliwa.

Watu wa jamii yangu, nikiwa na maana ya wazee wa rika langu, wana jibu jingine wanalolitoa wakiwa wamekunja mikono: mila. Ati mwanamke wa huku ana mambo yake. Wazee wenzangu, kila tarehe 27 Februari tunakwenda kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa wetu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Katika kundi la mashujaa hao yumo Nduna Mkomanile, na Nduna Mkomanile alikuwa mwanamke. Wangoni wa wakati ule walimpa mwanamke unduna, wakamfuata vitani. Sisi wajukuu zao tunashindwa kumpa msichana kitabu cha fizikia, halafu tunawasingizia wao.

Wengine husema wasichana wenyewe hawapendi. Sitakaa sana kwenye hoja hii. Mtoto aliyeambiwa tangu darasa la tano kwamba hesabu ni za wavulana, akaambiwa na mwalimu, na shangazi, na sasa na mgeni rasmi mwenye kipaza sauti, akisema hapendi hesabu, ametoa maoni ya nani?

Sasa nifike mahali nilipoahidi.

Mwaka 1998 nilikuwa mkuu wa shule moja ya kutwa katika mkoa huu. Kama wakuu wenzangu nilipimwa kwa wastani wa shule katika mtihani wa kidato cha nne. Hakuna aliyeniuliza watoto wamejifunza nini. Niliulizwa namba. Mwaka uliotangulia namba yetu ilikuwa mbaya, na somo lililotuvuta chini zaidi lilikuwa fizikia. Nilirudi kutoka kikaoni nimeinamisha kichwa, na usiku ule, kwa taa ya chemli, nikafanya hesabu ambayo wakuu wengi wameifanya: wakipungua watahiniwa dhaifu wa fizikia, wastani unapanda bila mtu kufundishwa hata sentensi moja ya ziada.

Januari, wakati wa kuwagawa wanafunzi wa kidato cha tatu katika michepuo, nilichukua orodha ya alama zao za mwisho wa mwaka na kalamu nyekundu. Darasa lilikuwa na wasichana 14 waliotaka kuendelea na fizikia. Nilikata majina 11. Niliwaita ofisini, nikawaambia kwa upole, kwa sauti ileile ya mgeni rasmi, kwamba wataelemewa, kwamba watavuta wastani chini, kwamba wachukue masomo wanayoyaweza. Ndiyo. Maneno yalikuwa yangu kabla hayajawa yake. Ndiyo maana sikupata ujasiri wa kusimama mahafalini.

Ningeishia hapo ningeweza kujitetea kuwa niliwachuja dhaifu. Lakini orodha ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya shajara ya mwaka 1998, na orodha haisahau. Wavulana sita walikuwa na alama zilezile za wasichana wale, au chini yake. Hao sikuwakata. Niliandika kando ya majina yao, kwa mkono wangu, neno moja: "atajikaza". Kando ya majina ya wasichana sikuandika kitu, ni mstari tu. Nilimwamini mvulana mwenye alama 32 kwamba kesho yake ipo. Msichana mwenye 35 nilimhesabia kesho kwa alama za jana.

Hakuna mtu aliyeniagiza hivyo. Hakuna waraka wala kifungu cha kanuni. Nilipanga peke yangu, mwalimu wa fizikia, mtu niliyekuwa najisifu kwamba nawapenda wanafunzi wangu wote sawasawa. Na mwaka 2000 wastani wa shule ulipanda, nikapongezwa.

Tangu 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, na siku niliposikia nilishangilia peke yangu barazani hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hata hivyo wakuu vijana ninaowafahamu wananiambia kwamba vikaoni bado wanaulizwa namba, na kalamu nyekundu bado inauzwa.

Kuna kisa ambacho kila Mtanzania anayefundisha fizikia anakijua. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu shule ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu kwenye friji, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa hayajachemshwa. Aliuliza sababu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba tu, kisha akamuuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo likabeba jina la kijana wetu duniani kote, ingawa wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi nikiwasuta walimu wanaocheka maswali. Sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Mpemba alichekwa, lakini aliendelea kukaa kwenye dawati lake la fizikia, na swali lake lilikaa pamoja naye hadi likapata mtu wa kulisikiliza. Wasichana wangu 11 hawakupata hata nafasi ya kuchekwa. Niliyatoa madawati.

Ninachodai si kikubwa. Sidai upendeleo, wala alama za bure, wala sidai kila msichana wa Ruvuma awe kama Choquet-Bruhat. Wavulana wote tuliowaacha darasani nao hawakuwa akina Einstein, na hakuna aliyewaondoa kwa kosa hilo. Nadai kwamba kila shule ibandike ubaoni, mbele ya wazazi, orodha ya waliotaka fizikia na alama zao, na mbele ya kila jina sababu ya kubakizwa au kuondolewa. Mwanafunzi yeyote asiondolewe kwa alama ambazo mwenzake amebaki nazo. Mkuu wa shule anayeona jambo hili ni zito, nampa ushauri mmoja wa bure. Jaribu kuisoma orodha yako kwa sauti, jina na alama, jina na alama, uone ni wapi sauti itakukwama. Mimi ilinichukua miaka zaidi ya ishirini kuisoma ya kwangu.

Julai mwaka huu, baridi ya Songea ikiwa imeshika, nilipeleka debe mbili za mahindi kwenye mashine ya kusaga ya jirani wa kaka yangu. Mashine ilikuwa imesimama. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti nyuma yake, mikono imejaa grisi, akibadilisha puli ya mota. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia marahaba bila kumtambua. Akajitaja jina. Nililijua jina lile kabla sijaijua sura. Lilikuwa la nne kwenye orodha.

Mashine ni yake. Nilimuuliza fundi yuko wapi, akacheka. Alinieleza kwamba yule aliyemuuzia alifunga puli kubwa mno kwenye mota, kinu kikawa kinazunguka kupita kiasi, mkanda unachomeka na unga unatoka wa moto. Akachukua kijiti akanichorea mavumbini: kipenyo hiki kwa kipenyo kile, mizunguko hii kwa mizunguko ile. Alikuwa amepiga hesabu yote kichwani, na ilikuwa sahihi. Niliikagua mara mbili, uzoefu wa ualimu haufi.

Nilimwambia habari ya orodha. Nilimwambia juu ya wale wavulana sita, kwa sababu hakuwa anajua. Miaka yote hiyo alikuwa anaamini alama zake zilikuwa chini ya zote. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kufuta mikono kwa kipande cha kanga. Nilitaka kuomba radhi, maneno yakawa mepesi mno kwa kazi hiyo, nikayasema hivyohivyo.

"Mwalimu," akasema, "mimi yangu yamepita, nimeshakula nayo. Lakini binti yangu yuko kidato cha tatu, wamemwandika sanaa. Fizikia alipata 41. Alikwenda kuuliza, wakamwambia achukue anayoyaweza."

Nilimuuliza wavulana wa mchepuo wa sayansi wa darasa hilo walipata ngapi. Akasema ndilo swali aliloliuliza yeye, na hakujibiwa.

Tumekubaliana Jumatatu. Yeye atafunga mashine asubuhi ile, mimi nitavaa koti langu la ofisi, na tutakwenda pamoja kwa mkuu wa shule, kijana ninayemfahamu, mwenye adabu zote. Shajara ya 1998 nimeshaitoa sandukuni. Nitaanza kwa kumsomea ya kwangu.